Maboksi Tuliyoyaacha Dubai

Kariakoo, dukani

Mwanangu Manka,

Nakuandikia hapa hapa juu ya kaunta, katikati ya nyaya na taa za sola, wakati wewe umekwenda Posta kumalizia mambo ya tiketi yako. Usinicheke. Najua tunalala nyumba moja na ningeweza kungoja jioni nikakuambia kwa mdomo. Lakini tangu Jumapili, mimi na wewe tukikaa pamoja tunaongea habari za chumvi imezidi na mlango nani kauacha wazi, na yale yenyewe yanabaki kooni. Kwa kalamu huwezi kunikatiza. Wewe ni hodari wa kukatiza watu, na sina wa kumlaumu, maana tabia hiyo umeitoa kwangu.

Sitakuandikia habari za sweta, wala za kula vizuri, wala za wanaume wa huko. Shangazi yako amekwisha kukupa hotuba hizo zote, na nilikuona ukitikisa kichwa huku ukichezea simu. Ninachotaka ni kukueleza kwa nini mama yako, ambaye alijigamba mtaa mzima siku ulipopata shahada, aliposikia umepata kazi Ujerumani alinyamaza, halafu Jumapili akakwambia, "Nenda, lakini usinitegemee uwanja wa ndege." Niliona uso wako ulivyobadilika. Tangu siku hiyo kila nikiinua kikombe cha chai nauona uso ule.

Siku hiyo ulikuwa umetupangia vyombo mezani ili tuelewe kazi yako. Sufuria la ugali lilikuwa jangwa lenye jua na upepo. Bakuli la kunawia lilikuwa bahari. Kikombe changu kilikuwa mtambo unaopasua maji kwa umeme wa jua na kutoa gesi, haidrojeni. Gesi hiyo inageuzwa kuwa amonia ili ipakiwe melini, na meli ilikuwa sahani ya mchicha. Mbele ya mjomba wako ukaweka kopo la sukari, ukasema hicho ndicho kiwanda cha chuma huko Ujerumani, kinachotaka kuacha makaa ya mawe. Na wewe utakaa ofisini kuisimamia safari yote: nani anazalisha, nani anapakia, nani anapokea, kwa masharti gani. Mnyororo endelevu wa ugavi, ndivyo ulivyouita, na hilo neno endelevu ulilitamka kama mtu anayetaja jina la mchumba wake.

Nikakuuliza, "Hapo kwenye sufuria anakaa nani?"

Ukasema, "Mama, ni jangwa."

"Hakuna mahali duniani pasipokaa mtu, Manka."

"Wapo wataalamu wa hayo mambo. Halafu hii gesi ni safi, mama, ukiichoma inatoa maji tu. Haina madhara kwa mtu."

Hapo ndipo nilipoinuka na kukuambia yale maneno ya uwanja wa ndege. Mjomba wako alidhani nimekasirika kwa sababu unakwenda mbali. Sikukasirika kwa sababu hiyo. Gesi hiyo mimi naijua, mwanangu. Niliijua kabla yako, wakati hata jina lake silijui.

Unakijua kisa cha Mzee Kanti kama kinavyosimuliwa nyumbani, kwa kifupi, kwamba betri zililipuka akapofuka. Wewe umemkuta tayari ni mzee kipofu wa Kisutu tunayempelekea ndizi kila Krismasi, anayekupapasa kichwani na kusema umerefuka hata ulipokuwa umeshaacha kurefuka. Leo nataka nikusimulie kwa urefu, maana kisa hicho hakikuishia pale ulipozoea kukisikia kikiishia.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa. Baada ya kupanga foleni miaka na miaka kwa ajili ya sabuni, tukaambiwa kila mtu afanye biashara, na Kariakoo ikafurika vitu mpaka barabarani. Redio, saa, viatu, mafuta ya nywele, vyote kwa mpigo. Marehemu baba yako alikuwa amepunguzwa kazi kwenye shirika la umma, akawa anakaa barazani Magomeni na vyeti vyake ndani ya bahasha, akingoja kuitwa. Hakuitwa. Mimi nilikuwa nauza mitumba Mchikichini, na kwa huko huko kuhangaika nikapata sehemu katika duka la Mzee Kanti.

Alikuwa anauza vifaa vya umeme. Mhindu aliyezaliwa hapa hapa Kariakoo, juu ya duka la baba yake, na Kiswahili chake kilikuwa cha mjini kuliko changu mimi niliyetoka Machame juzi. Kila asubuhi, kabla hajauza hata balbu, aliwasha kijitaa cha samli na kijiti cha udi mbele ya picha za ibada yake, akafumba macho kidogo, ndipo akasema, "Haya dada, fungua." Mteja akija kabla ya udi, awe na haraka ya namna gani, atangoja. Mimi Mlutheri niliizoea harufu ile hata nikawa nikiikosa naona kama duka halijafunguliwa.

Umeme wakati huo ulikuwa wa mgao. Watu wa Magomeni na Manzese wakawa wanatazama televisheni kwa betri za gari, na betri ikiisha lazima mtu aichaji. Nikaona mwanya. Nikamshawishi Mzee Kanti tuagize chaja kubwa kutoka Dubai, kupitia mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akienda na kurudi. Chaja hizo zilichaji betri nyingi kwa pamoja, na ilisemekana zinajizima zenyewe betri zikijaa. Yule mtu akatuuliza, je, aje na maboksi yake au bila maboksi? Hili watu wa nje ya Kariakoo hawalifahamu. Kitu kikitolewa kwenye boksi kinachukua nafasi ndogo, unapakia vingi zaidi, na forodhani hakionekani kipya sana. Sote tulifanya hivyo na wengine wanafanya hivyo mpaka leo. Mzee Kanti aliniangalia mimi nijibu, kwa kuwa wazo lilikuwa langu. Nikasema, "Toa maboksi."

Chaja zikafika, tukaziweka stoo ya nyuma. Stoo ile ilikuwa na matofali ya matundu juu ukutani. Siku si nyingi wezi wakaingiza fimbo yenye ndoano usiku wakatuvulia nyaya kama samaki. Nikamwita fundi, akaziba matundu yote kwa saruji, na nikamlipa kwa furaha. Halafu, kwa kuwa mbele palijaa redio za kuuza, nikamwomba Mzee Kanti ahamishie kabati lake la ibada huko stoo. Alisita. Hakupenda kuweka picha zake karibu na betri chafu. Lakini hakuwa mtu wa kuniangusha, akahamisha.

Sasa unaona mambo yalivyojipanga. Mimi sikuona. Usiku mmoja umeme ulikaa muda mrefu kuliko tulivyozoea, na zile chaja hazikujizima. Asubuhi nilikuwa nimesimama nje kwa mama lishe nakunywa chai, Mzee Kanti akapita akanisalimia, akaingia stoo na kiberiti chake.

Mlio wenyewe siwezi kuusimulia. Watu walikimbia wakipiga kelele, "Bomu! Bomu!" Mimi nilikimbilia ndani kwa sababu nilimsikia akiniita, "Dada! Dada, maji!" Maji makali ya betri yalikuwa yamemrukia usoni. Nikanyakua ndoo ya mama lishe nikammwagia, nikarudi kuchukua nyingine, mama lishe mwenyewe akawa ananiletea na huku analia. Hayakutosha. Madaktari walihangaika na jicho la kushoto kwa miezi, mwisho wakaliacha.

Kabla ya saa ya chakula soko lilikuwa limeshapata jibu lake. "Udi wa Mhindi umelipua duka." Nilisimama mlangoni nikasema kwa sauti, si udi, ni mimi niliyeziba matundu. Wakaniangalia kwa huruma, wakadhani nimechanganyikiwa. Hospitalini nikamwambia Mzee Kanti vile vile. Akaniuliza, uso wote umefungwa bandeji, "Dada, kiberiti kilikuwa mkononi mwako au mwangu?" Mpaka leo tunabishana hivyo. Yeye ni udi, mimi ni saruji, kama watu wawili wanaogombea kulipia chai. Zamani niliona ubishi ule ni upendo. Nilichelewa sana kuuona ubaya wake. Sisi wawili tulikuwa tunagawana kosa lote kana kwamba duniani tuko peke yetu, na mtu aliyetengeneza chaja isiyojizima hakupata kusikia kwamba Kariakoo alikuwepo mtu anaitwa Kanti.

Nimekatizwa kidogo. Amekuja kijana anataka betri ya sola, anasema, "Mama, nipe ile ya bei poa." Nimemweleza pa kuiweka mpaka akachoka. "Mama, mbona maelezo mengi hivyo, kwani nanunua ndege?" Nikamwambia ukitaka kununua bila maelezo maduka yapo mengi. Amenunua. Zamani nisingemwambia hivyo, na hiyo ndiyo sehemu ambayo hujawahi kuisikia.

Lakini kwanza kumbuka siku uliyorudi shule, uko kidato cha pili, umechangamka kweli kweli. Ukasema, "Mama, leo nimejua kilichompata Mzee Kanti! Betri ikichajiwa kupita kiasi inatoa haidrojeni. Ikikosa pa kutokea, cheche tu inatosha." Ulikuwa unang'aa kama mtu aliyepata zawadi. Mimi nikatoka uani, nikajifanya naanua nguo zilizokuwa bado mbichi. Nililia, Manka. Nililia kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa dogo, la kufundishwa watoto kabla ya mapumziko, na halikupata njia ya kutufikia sisi. Chaja zilivuka bahari zikatufikia. Hilo neno moja lilishindwa kuvuka.

Na hapo nilikuwa nimeshajua liliishia wapi. Kabla hujazaliwa, baada ya Mzee Kanti kukubali kwamba hatarudi dukani, nilisafiri mwenyewe kwenda Dubai. Nilijiambia nakwenda kumtafuta mwenye duka ambako yule mfanyabiashara wetu alizinunua chaja, nimweleze. Safari nzima nilikuwa napanga maneno, na yalikuwa makali. Nikalipata duka. Mwenyewe alikuwa Mwarabu wa asili ya Unguja, mtu wa heshima, akanipa kiti na kahawa.

"Karibu bibie, karibu sana. Habari za Bara?"

Nikamwambia yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akashika kichwa. "Maskini! Wallahi sikuwa na habari. Mbona hakuna mtu alonambia?"

Nikamuuliza, "Kiwanda kiko wapi niwaambie wao?"

"Hata mimi sijapata kufika huko, bibie. Naletewa tu, nami nauza."

Nyuma yake vijana wake walikuwa wanatoa chaja kwenye maboksi na kuzipanga ndani ya magunia, mzigo wa mtu wa Kampala. Maboksi yalitupwa chini yakawa kilima. Nikaokota moja. Ubavuni palichorwa chumba chenye dirisha wazi, na kando yake moto uliopigwa mstari mwekundu. Hata mtu asiyejua kusoma angeelewa. Nikakaa nalo mapajani kahawa ikapoa. Lile boksi nililosema litolewe lilikuwa na macho ya Mzee Kanti ndani yake.

Ungedhani baada ya hapo niliinuka nikaondoka. Mimi pia ningependa kukusimulia hivyo. Yule bwana alisema, "Safari hii nakupa bei ya kaka na dada, na maboksi yake nakupakilia." Nyumbani baba yako alikuwa barazani. Mimba yako ilikuwa changa, nilikuwa natapika kila asubuhi. Nikanunua. Zile zile. Nikajiambia, maadamu sasa najua, nitamweleza kila mteja kwa mdomo wangu, chaja zangu hazitamdhuru mtu.

Wa kwanza niliwaeleza vizuri sana. Nilionyesha boksi, nilipanua mikono kuonyesha dirisha, niliwasimulia Mzee Kanti. Siku moja mama mmoja akanisikiliza akasema, "Basi kama ni hatari hivyo, ngoja niende duka la pili." Akaenda, akanunua chaja ile ile kwa jirani aliyemwambia haina shida. Na mwingine akafanya hivyo hivyo. Nikaanza kufupisha. Nikawa nasema, "Weka penye hewa," huku nahesabu chenji. Halafu nikawa nasema nikiulizwa. Sikuamua siku yoyote kuacha kusema, Manka. Nataka unielewe vizuri hapa, maana na wewe hutaamua siku yoyote. Utakuwa na kazi nyingi tu, na maneno yatakuwa mafupi mafupi.

Alikuwepo mteja wangu wa Tunduru, Bwana Rajabu. Huko walikuwa wamevumbua vito, watu wamejaa machimboni na mabanda ya video kila pembe, na yeye alichaji betri za mabanda yote. Alikuwa mcheshi, akija lazima aniletee korosho. Safari ya mwisho nilipomwona, lori lilikuwa linamngoja nje, utingo anagonga bodi. Akanunua chaja zote zilizobaki. Akaniambia kwa kujisifu, "Mama Manka, sasa nina chumba cha uhakika. Saruji chini, saruji juu, hakuna hata tundu. Mwizi atalia."

Nilimsikia. Nilielewa kila neno. Kinywa kilifunguka, utingo akagonga tena, nikasema, "Safari njema, Bwana Rajabu."

Hakurudi tena. Alikuwa anakuja kila msimu, na hakurudi. Labda vito viliisha akahama. Labda alipata duka la bei nafuu. Labda alifilisika, wengi walifilisika. Nimejipa labda hizo karibu miaka yote uliyoishi duniani. Nilipokusomesha, nilipokununulia sare, wewe ukinishukuru, mimi nilikuwa nasikia utingo anagonga bodi. Ukweli ni kwamba sijui. Ningeweza kuuliza. Wafanyabiashara wa Tunduru wanapita hapa kila siku, na sikuwahi kumwuliza hata mmoja, kwa sababu niliogopa jibu. Yule bwana wa Dubai nilimchukia kwa kutojua, lakini yeye hakuambiwa na mtu. Mimi nimechagua mwenyewe kutojua.

Ndiyo maana Jumapili nilisema maneno yale. Gesi siiogopi. Nimeishi jirani na betri maisha yangu yote, na lile dirisha la juu ya mlango unalolalamikia kila siku kwamba linaingiza vumbi, nimeibiwa kupitia hapo mara kadhaa na sitalifunga. Ninachokiogopa ni wewe. Mimi nilikuwa mkiani mwa mnyororo. Wewe unakwenda kukaa kichwani, kwenye ofisi yenye joto, mbali na sufuria, na mtu wa kwenye sufuria akidhurika, au kisima chake kikikauka, au mtambo ukimrukia usoni, habari zitapita kwa huyu na huyu na huyu, kila mmoja akipunguza kidogo ili mzigo uwe mwepesi. Zitakapokufikia wewe zitakuwa zimeandikwa kwamba shehena imewasili salama. Nawe utaamini, kwa sababu ni msichana mwema na kwa sababu gesi yenyewe ni safi. Nakupenda, na naogopa utakuwa yule mtu ambaye mimi na Mzee Kanti hatukumpata.

Jana nilikwenda Kisutu kumwona. Nilitaka aniunge mkono, nikuzuie. Nilimsimulia sufuria na bakuli na mchicha, akacheka mpaka akakohoa. Halafu akasema, "Dada, mtoto anakwenda mahali ambapo sisi hatukuwa na mtu. Siku ile tungekuwa na mtu wetu kule, wewe ungemzuia?"

Nikamwambia, "Atasahau. Mimi nilisahau, na wewe ukiwa mbele yangu na macho hayo."

"Hukusahau. Uliogopa." Habari za Bwana Rajabu anazijua, maana Mzee Kanti ndiye mtu pekee niliyepata kumwambia. Akatafuta kikombe chake kwa vidole. Nikamsogezea. Akasema, "Unamwambia mtoto aangalie mwisho wa mnyororo wake. Wewe wako umeuangalia?"

Nilikasirika, nikamwambia yeye na udi wake anyamaze. Akacheka tena. Lakini njiani kurudi, kabla sijafika dukani, niliingia ofisi ya mabasi.

Kwa hiyo kesho nitakuja uwanja wa ndege. Yale niliyosema nimeyafuta, nisamehe. Mzee Kanti naye anakuja, amekwisha kumsumbua binti yake kuhusu shati la kuvaa. Atakupapasa kichwani na kukuambia umerefuka. Mkubalie. Nitakuwekea mikono na kukuombea pale pale mbele za watu, na ukiona aibu ni shauri lako. Baraka zangu zote unazo, sijabakiza hata moja.

Na masharti unayokwenda kuwaandikia watu wa jangwani, usiyaandike kabla hujafika ukakaa kwao na kula chakula chao. Wakikuambia nauli ni kubwa, wewe nenda. Ukikuta hujui kinachoendelea huko, usijipe labda. Mimi najua zinavyokaa moyoni.

Wewe ukishapaa kesho, mimi Jumatatu nafunga duka na kupanda basi la Tunduru. Mjomba wako anasema nimezeeka vibaya, kwamba nitamtafuta wapi mtu wa miaka ile, na jina lenyewe ni Rajabu, watu wa jina hilo huko ni wengi kama korosho. Nitaanzia stendi. Nitawauliza wazee kama wanamkumbuka mtu aliyekuwa akichaji betri za mabanda ya video, mcheshi, aliyejenga chumba kisicho na tundu. Kama yu hai nitamsalimia na kumwomba radhi, na atanicheka. Kama ana watoto nitakaa nao chini nisikilize watakachosema.

Weka simu yako karibu wiki ijayo. Nikimkuta nitakupigia. Na nikikuta kile ninachokiogopa, nitakupigia vile vile, nami nitakueleza chote, sitapunguza hata neno.

Ni mimi mama yako,
Ndeshi